Bisibisi Menoni

Chai waliyokunywa watu kwenye hitma ya Fundi Hemedi, kule Mgwashi, ilikuwa na sukari yangu. Mchele ulikuwa wangu, na lori lililoupandisha kutoka Mombo lilikuwa langu. Sisemi haya ili nisifiwe, ingawa sioni ubaya wa mtu kusifiwa kwa alichokifanya. Nasema kwa sababu msemaji wa familia alisimama baada ya dua akatangaza kwamba marehemu ameacha wanafunzi, na mmoja wao ni huyu tajiri mnayemwona hapa. Watu wakageuka kunitazama, nami nikainamisha kichwa kama mtu mwenye shukrani. Shukrani ya nini? Mimi ni mtu niliyeishia darasa la nne, kusoma kwenyewe nimejisomesha ukubwani, na leo ukisimama Mombo stendi ukauliza gereji ya Asumani, hata mbuzi atakuonyesha njia. Hayo yote nimeyapata kwa masikio yangu haya mawili. Fundi Hemedi hakunipa. Alichonipa ni jina la Mtoboa, na vijana wa siku hizi wakilisikia wanadhani ni kwa sababu nimetoboa maisha. Wazee wa Lushoto wanajua nilidaiwa kutoboa nini.

Nilikuwa na miaka ishirini. Gereji ya Fundi Hemedi ilikuwa Lushoto mjini, nyuma ya nyumba yake mwenyewe, chini ya mkaratusi mmoja ambao majani yake yaliingia kwenye kila bakuli la oili. Palikuwa na kibanda cha mabati cha kuwekea vipuri, shimo la kukagulia magari lililojaa maji kila masika, na ukuta wa jiko la Mama Idi, mkewe, ambao ndio tuliuegemea wakati wa kula. Mama Idi alitulisha vizuri, siwezi kumsingizia. Magimbi na maharage, siku nyingine ndizi zilizopikwa na nazi iliyopanda na basi kutoka Tanga, na chai ya tangawizi asubuhi ya baridi ambayo mvuke wake ulikuwa mzito kuliko ukungu wa nje. Tulikuwa wawili pale tunaojifunza: mimi na Idi, mtoto wa Fundi, rika langu. Idi alikuwa mtu mwema na mikono yake ilikuwa mizito kama ya mtu aliyevaa soksi vidoleni. Hilo hata yeye analikubali, na leo anauza mbao, na anauza vizuri.

Mwaka ule nilitafuta kitu kimoja tu. Kwetu wakati ule hukuwa fundi kwa kujua kazi. Ulikuwa fundi siku mwalimu wako alipokuweka mkono begani mbele ya mteja akasema, "Nisipokuwepo, mpe huyu." Maneno hayo matatu tu. Ukishasemewa hivyo, unaweza kufungua gereji Soni, Bumbuli, popote, na watu watakuletea gari bila kuuliza. Usiposemewa, hata uwe unaunda ndege, wewe ni mshika tochi. Mimi niliyasubiri maneno yale kama wengine wanavyosubiri posa kukubaliwa. Nililala nikiyasikia.

Sasa nieleze jambo la cheche, na atakayeona namchosha aruke, lakini asije kuniuliza baadaye. Tulikuwa na lori moja la petroli, la zamani hata kwa siku zile, wenzake wote walishahamia dizeli. Lilikuwa la Mzee Kaniki, mwenye duka kubwa la jumla, na sisi tuliliita Mamkwe, kwa sababu ulilikaribia kwa adabu na bado lilikununia. Mamkwe lilishusha kabichi na karoti Mombo, likapanda na unga, saruji na sukari. Injini kama ile ina distributa, kile kikombe chenye nyaya kinachogawa umeme kwa kila plagi. Ukilegeza boliti yake ukakizungusha kidogo, cheche inawahi au inachelewa. Ikichelewa, lori linakuwa zito kama limebeba kaburi. Ikiwahi kiasi, linakuwa jepesi, linaitika. Ikiwahi mno, petroli inalipuka wakati pistoni bado inapanda, kama mtu anayepanda ngazi huku mwenzake juu anampiga teke usoni. Hapo injini inagonga, mlio mwembamba, kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Usipousikia mlio ule, au ukiusikia ukaudharau, siku moja pistoni inatoboka. Na kuna kosa ambalo ni letu sisi wa milimani peke yetu. Ukiiweka cheche Lushoto, asubuhi ya ubaridi, lori likiwa tupu, injini itaimba vizuri kabisa. Ishushe Mombo kwenye joto, ipakie magunia, iambie ipande mpaka Soni, na itaanza kugonga kwenye kona ya kwanza. Kwa hiyo ukiwa Lushoto, unaiweka kwa ajili ya Mombo. Unairudisha nyuma kidogo kuliko inavyotaka. Hilo nimewafundisha vijana wangu wote, nikiwa nimesimama nao, mikono yao ikiwa juu ya distributa na wangu juu ya mikono yao. Mimi sikufundishwa hivyo.

Fundi Hemedi alitufundisha kufunga gia, kusaga vali, kupima nafasi ya pointi za distributa kwa kipande cha karatasi ngumu ya boksi la kiberiti. Lakini ulipofika wakati wa kuweka cheche, aliinua kichwa akasema, "Asumani, chai." Chupa ya chai ilikuwa imejaa pale pale, haijaguswa, bado anasema chai. Mafundi wengi wa zamani walikuwa hivyo, siri ya mwisho hawaitoi, wanasema ukimpa mtu yote atakuhamisha kwenye kiti chako. Basi nilichukua chupa nikaenda nayo mpaka ng'ambo ya barabara, nikaipa mgongo gereji, nikasikiliza. Nawaambia ukweli, nilijifunza cheche nikiwa na chupa ya chai mkononi. Injini ilipopanda sauti nilijua amewahisha, iliposhuka nilijua amechelewesha, na pale kati nikapajua penyewe kama mtu anavyojua mlango wa kwao gizani. Ni nani mwingine angeweza? Idi aliachwa pale pale karibu na baba yake, anaona kila kitu, na hakuambulia hata chembe.

Siku moja nilirudi mapema kuliko nilivyotarajiwa, kwa sababu mvua ilianza. Nikamkuta Fundi ameinamia injini ya Mamkwe kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Alikuwa ameng'ata mpini wa bisibisi, ule wa mti, kwa meno ya mbele, na ncha ya chuma ameikita kwenye ubavu wa injini, macho amefumba, mate yanamtiririka kidevuni, na mkono mmoja unazungusha distributa polepole. Idi aliponiona alishtuka kama nimemkuta baba yake uchi. Nikarudi nyuma nikasimama mvuani mpaka alipomaliza. Baadaye niliuchunguza mpini ule. Ulikuwa umelika kwa alama za meno, mpya juu ya za zamani. Nikaanza kukumbuka: jinsi Mama Idi alivyomgusa bega kabla ya kumsemesha, jinsi wateja walivyosema "Shikamoo, Fundi" nyuma yake na yeye asigeuke, nasi tukasema ana maringo. Fundi Hemedi alikuwa anapoteza masikio. Sauti nzito alizisikia. Ule mlio mwembamba wa misumari hakuusikia tena, isipokuwa kwa mifupa ya taya.

Kama nilikuwa na shaka yoyote, jiko liliniondolea. Siri ya mtu asiyesikia ina kasoro moja: haiwezi kunong'onwa. Nilikuwa nimeegemea ukuta ule nakula, nikamsikia Mama Idi ndani anapaza sauti kama anayefukuza ngedere shambani. "Baba Idi, waambie! Waambie masikio yamechoka, umwachie Asumani hiyo kazi!" Kijiko kikagonga sufuria, kisha Fundi akajibu, naye kwa sauti, maana hakujua ukubwa wa sauti yake mwenyewe: "Nikiwaambia, nani ataniletea injini? Watampelekea yeye." Mama Idi akasema, "Si mwanao wa kazi?" Fundi akasema, "Mwanangu ni Idi." Nilimaliza magimbi yangu. Yalikuwa matamu, na nilichukia kwamba yalikuwa matamu.

Hata hivyo sikusema kitu, na nilifanya zaidi ya kutosema. Nilikuwa nasafiri na Mamkwe kama utingo na fundi wa njiani, dereva akiwa Mbwana, mtu wa maneno mengi na kofia moja. Kadiri mwaka ulivyokwenda, Fundi aliikosea cheche zaidi na zaidi, kwa sababu hata ile bisibisi aliitumia kwa haraka, akiogopa mtu kutokea. Mbwana aliporudi kulalamika, "Fundi, inagonga kule mlimani," alijibiwa, "Hiyo ni tapeti, vyuma vya vali tu vinalia. Endesha gari wewe." Basi mimi, tukifika Mombo, kabla ya kupanda, nilifungua boneti, nikalegeza boliti, nikairudisha cheche nyuma kwa upana wa ukucha, nikakaza. Mbwana aliuliza, "We mtoto, unatia uchawi gani humo?" Nikamwambia, "Endesha gari wewe." Akacheka mpaka akapaliwa. Mamkwe likapanda kama linasukumwa na malaika, magunia juu, kona baada ya kona, maporomoko ya Soni yakitusalimu kwa baridi yake, na Lushoto nzima ikasema, "Hemedi ndiye Hemedi. Lori bovu lile, lakini ona linavyopanda!" Nilikuwa napandisha jina lake kwa mkono wangu, safari baada ya safari. Nilijiambia anajua. Nilijiambia siku moja mkono utatua begani.

Sukari siku zile ilikuwa kitu cha kutafutwa. Ilipokaribia sikukuu ya Idi, Mzee Kaniki alipata shehena kubwa Mombo, na kwa hofu yake akaja mwenyewe gereji kuhakikisha lori liko sawa. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye fimbo na koti la sufu, na alikuwa mkubwa kuliko Fundi kwa umri. Akaletewa kigoda akakiweka hatua mbili kutoka kwenye injini, akakaa. Mimi nilikuwa chini ya gari la misheni, mgongo sakafuni, gia kifuani, namwona Fundi kuanzia magotini mpaka kichwani. Fundi alifunga pointi, akasafisha plagi, akawasha. Kisha akafika pale. Akainua kichwa. Nilisubiri aseme chai. Lakini utamtuma nani? Mimi gia iko kifuani. Idi habari yote anaijua. Na mtu mzima kama Mzee Kaniki, uliyempa shikamoo dakika ile ile, humtumi chai. Fundi alisimama na bisibisi mkononi. Aliitazama. Nilimwona akiitazama. Angeng'ata tu! Angesema tu, "Mzee, masikio yangu yamechoka, nasikiliza kwa meno," na Mzee Kaniki angesema pole, yakaisha. Aliiweka bisibisi mfukoni, akaizungusha distributa kwa mkono mtupu, kichwa amekiinamisha upande kama mtu anayesikiliza kweli, na akakaza. Mimi kule chini niliisikia imewahi. Iliwahi mno.

Nikatoka uvunguni nikijifuta. "Fundi," nikamwambia, "niende mimi na lori leo." Akaniangalia mdomoni, kama alivyokuwa akituangalia wote siku zile. "Umalize gia ya misheni," akasema. "Idi ataenda." Nikamfuata Mbwana mpaka mlangoni nikamwambia, "Mkifika Mombo msipande haraka, mkisikia inagonga simameni." Mbwana akasema, "Tapeti hizo, bwana," akanikonyeza, akapanda.

Lilikufa juu kidogo ya Soni, jioni, mvua inanyesha. Pistoni ilitoboka katikati, tundu la kuingiza kidole gumba. Turubai halikutosha magunia, na kulipokucha sukari ilikuwa inateremka na maji ya barabarani. Watoto walichota kwa vikombe, nyuki wakaja, na kwa muda mrefu kona ile ilinata chini ya viatu. Mzee Kaniki alikuja gereji bila koti. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Hemedi, mimi nilikaa hapa nikakuona. Imekuwaje?"

Fundi alikuwa amesimama kando ya kibanda. Mama Idi alikuwa mlangoni pa jiko na kitambaa mkononi. Kabla Fundi hajajibu, Mbwana, kwa domo lake lile, akataka kunisaidia. "Mzee, lile lori bila Asumani halipandi," akasema. "Yeye tukifika Mombo hufungua boneti, hugusagusa distributa, na safari inakuwa nzuri. Nimemwona kwa macho yangu." Nikamwona Fundi akimsoma mdomo neno kwa neno. Nikaona na uso wake ulivyotulia, kama wa mtu aliyepata kamba majini.

"Umesikia, Mzee?" akamwambia Kaniki. "Kumbe kijana anafungua kazi yangu njiani. Boliti iliyozoea kulegezwa haishiki. Distributa imecheza yenyewe. Pistoni hii ameitoboa huyu."

Wote wakanitazama. Mimi nilimtazama Mama Idi. Alikuwa anakunja kitambaa, anakikunjua. Ningesema nini? Niseme fundi wangu ni kiziwi, mbele ya mteja wake, mbele ya mwanawe, mbele ya mwanamke aliyenilisha mwaka mzima? Kwetu mtu anayemvua nguo mwalimu wake hadharani haombewi mvua. Nilisubiri yeye aseme. Nilimpa nafasi, wallahi, nilisimama pale kama mti nikimpa nafasi. Idi alitazama viatu vyake. Mama Idi akageuka akaingia jikoni, nikasikia anafunikia sufuria. Mzee Kaniki akasema, "Mtoto wa watu, umeniua." Ndipo nikaokota shati langu.

Tangu hapo Lushoto nzima hakuna aliyeniruhusu kugusa hata mashine ya kusaga. Watoto waliniita Mtoboa barabarani. Nikashuka Mnazi, kwenye joto, ambako hakuna aliyejua jina langu, nikaanza na pampu za kumwagilia mpunga, injini ndogo za kuaibisha, nikilala juu ya maturubai ya watu. Mengine mnayaona kwa macho. Nilipoanza kushika fedha nililitafuta Mamkwe, nikalikuta limetupwa nyuma ya ghala, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Nikalinunua kama chuma chakavu na kulifufua lote, injini mpaka taa. Watu waliniuliza tajiri mzima anataka nini na takataka hii ya petroli. Nilijua nilichotaka.

Mwaka jana nilisikia Fundi Hemedi ni mgonjwa, amerudi kwao Mgwashi. Nikapanda na Mamkwe. Alikuwa kakaa nje juani, blanketi magotini, amebaki mifupa na macho. Mama Idi naye amezeeka, akanipokea kwa mikono miwili bila kunitazama usoni. Nikainama. "Shikamoo, Fundi." Hakusikia. Nikapaza. Mama Idi akasema, "Acha, baba, hata radi hasikii." Kuandika naweza sasa, lakini yeye kusoma hakujua kamwe. Miaka yote ile niliyapanga maneno yangu, nikayatia makali, na nilipofika hapakuwa na mlango wa kuyaingizia.

Nikafungua boneti. Majirani walishaanza kukusanyika, lori lenyewe ni tamasha. Nikawasha, nikalegeza boliti, nikaizungusha distributa mpaka pale pale alipoiweka siku ile ya sukari. Napakumbuka. Kisha tukamwinua, Idi upande huu, mimi upande huu, tukamsogeza, nikamwekea bisibisi mkononi. Alijua mara moja. Aliweka mpini kati ya meno machache yaliyobaki, akakita ncha kwenye injini, akafumba macho, mbele ya kijiji kizima, mate yakimtoka. Alichoona aibu kukifanya mbele ya mtu mmoja, leo alikifanya mbele ya watoto wa shule. Nikavuta waya wa mafuta, injini ikapanda, ikalia misumari ndani ya kopo. Uso wake ulikunjamana kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. Mkono wake mwingine ukanyooka, ukashika distributa, ukairudisha nyuma. Upana wa ukucha. Mlio ukakatika. Akafungua macho akanitazama, na nawaapia alinijua, na alijua nimeuliza nini, na alijua amejibu.

Nikasubiri. Nikiwa na mvi zangu, na malori yangu, nilisimama pale nikisubiri mkono begani kama kijana wa miaka ishirini.

Akatoa bisibisi mdomoni, akageukia watu, akasema kwa ile sauti yake isiyojua ukubwa wake, "Mnaona? Ndivyo nilivyomfundisha. Lakini mbishi huyu." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mama Idi peke yake hakucheka. Nikakaza boliti pale pale alipopaacha, nikafunga boneti, nikaaga.

Sikuigusa tena ile cheche mpaka alipokufa. Nilipopeleka vitu vya hitma niliamua vipandishwe na Mamkwe, kwa cheche iliyowekwa na mkono wake mwenyewe, mimi ndani na dirisha wazi. Joto la Mombo lilikuwa la kuchoma, magunia yalikuwa mazito, na kutoka kona ya kwanza nilitega sikio. Niliomba igonge. Mara moja tu, kwenye kona yoyote, nijue kwamba hata kwa meno hakuwa anajua, na kwamba siku ile alikosea tu kama wanavyokosea watu. Tukapita ile kona juu ya Soni. Haikugonga. Ilipanda ikiimba mpaka Mgwashi, sukari ikafika kavu, watu wakanywa chai, wakamsifu.